Moshi Bila Kuvuka Boda

Jumatano, kwetu Mahoo haiamki, inashtuka. Ni siku ya soko Taveta, hiyo na Jumamosi, na kama shamba yenu iko na ndizi, saa kumi na moja asubuhi ushavaa gambuti, uko katikati ya migomba na tochi ya simu kwa meno. Malori ya wanunuzi yanakuja kutoka mbali, na lori haingojangi mtu. Sisi tuko na ndai, ya anko. Ni Toyota 100 ya stesheni, nyeupe iliyozeeka ikageuka rangi ya chai ya maziwa, namba zake bado zinaanza na KA. Mtaani inaitwa Ambulansi juu inabeba chochote: ndizi, mgonjwa, mbuzi, hadi kuna bi harusi alifika nayo kanisani, akashuka akitoa majani makavu kwa shela.

Hiyo Jumatano tuliipakia hadi matako yakakaribia kugusa murram. Mimi ndio nilikuwa dere, anko ameketi kando akihesabu mikungu kwa midomo. Kufika kona ya kuingia lami, nikakata steringi kushoto. Ikakataa. Si kukataa kabisa, ni vile mzee anakataanga, pole pole, akinuna, akitaka umbembeleze. Nikainuka kidogo kwa kiti nikaivuta na mikono miwili kama mtu anasaga mtama kwa jiwe. Chini ya boneti kitu ikalia wiiiii, mlio mrefu, kama mbu amemezwa na redio. Alafu kwa kioo nikaona wingu jeupe limefunika barabara, na msee wa bodaboda akitokea ndani yake akikohoa. Akanipita, akageuza shingo:

"Buda, umefika Moshi bila kuvuka boda!"

Steji yote ikaangua kicheko. Kama hujui ramani ya huku: town ya Moshi iko hapo tu ng'ambo ya Holili, na Kilimanjaro inatuangalia kila asubuhi kama landilodi. Hiyo jina ilinishika. Hadi sai kuna wasee wananiitanga Moshi na hawajui ilitoka wapi.

Fundi wa kwanza simtaji, hata unilipe. Alifungua boneti, akasikiliza sekunde tano, akachomoa kijiti cha oili ya injini, akakiangalia bila kukipanguza, akakunja uso kama daktari wa muvi. "Ringi zimekufa. Hapa ni ovaholi. Na raki ya steringi pia imekwisha. Tafuteni thao 40, kazi ianze."

Anko hahesabungi doh kwa thao, anahesabu kwa mbuzi. Nilimwona akiangalia juu, akipiga hesabu, na ile sura yake ikaniambia zizi limebaki tupu. Hakusema kitu hadi tumefika nyumbani. Alafu akasema tu, "Hii gari ilininunulia mabati." Anko akianza kuongea kuhusu gari vile watu wanaongea kuhusu marehemu, ujue mambo ni serious.

Mimi sikulala. Kitu moja ilikuwa inanisumbua kichwa. Kama ni ringi, hiyo ni ugonjwa wa injini. Kama ni raki, hiyo ni ugonjwa wa steringi. Sasa wezi wawili wanaingia nyumba moja, usiku mmoja, dakika moja, na hawajuani? Zii. Hao ni mwizi mmoja amevaa jaketi mbili.

Kuna mzee hapa Mahoo, hana karakana wala bango. Ako na mwembe. Miaka yake mingi alishinda akitengeneza matrekta kwa mashamba ya mkonge, na akistaafu alikuja na sanduku moja la spana na masikio mazuri kuliko ya mtu yeyote namjua. Wasee wa mbogi yetu huwa wanamwepuka juu anauliza maswali mingi. Watu hawapendi fundi wa maswali, wanapenda fundi wa majibu. Hapo ndio doh zinapoteleanga, maze.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Gari inasemaje?"

Nikamwambia iko na moshi na steringi nzito. Akasema hakuniuliza nimeona nini, ameuliza gari inasema nini. Moshi unatoka saa ngapi? Asubuhi ikiwashwa, ukikanyaga mafuta, ama ukikata kona? Oili gani inapungua? Na inapungua ikienda wapi? Swali ya mwisho ndio ilinipata, juu kusema ukweli nilikuwa nimeongeza oili ya steringi mara tatu hiyo mwezi, kila mara ikiisha, na sijawahi kuona hata tone chini. Nilikuwa nimejiambia inakauka. Mzee akanicheki vile unachekianga mtoto amekwambia amekula chaki.

"Oili si maji ya nguo. Haikauki. Kama haiko ndani na haiko chini, iko safarini."

Ngoja nikushikishe vile hii kitu inafanyanga kazi, juu mimi mwenyewe nilikuwa naendesha bila kujua. Ndai ya kitambo haikuwa na usaidizi wowote, ni mabega yako na Mungu. Februari 1916, wakati jeshi la Mwingereza na Wasauzi lilichapwa na askari wa Mjerumani pale kilima cha Salaita, hapo tu ukitoka Taveta ukienda Voi, gari yoyote ya hiyo vita ilikuwa inakatwa kona kwa nguvu za mkono. Miaka 10 baadaye, 1926, injinia wa Marekani anaitwa Francis Davis akaonyesha watu gari ya Pierce-Arrow yenye oili inasukuma usukani badala ya dere. Wenye viwanda wakasema poa lakini ni ghali. Ilibidi ingoje hadi 1951 ndio Chrysler ikaanza kuiuza kwa gari za raia. Kwa hivyo, ukiona mzee wa lori la zamani ako na mikono kama mizizi ya mbuyu, hiyo si gym.

Ambulansi inatumia huo mfumo wa oili. Kuna pampu imefungwa kando ya injini, inazungushwa na belti. Pampu inanyonya oili nyekundu kutoka kwa kikopo, inaikamua kwa presha noma, zaidi ya mara 20 ya upepo uko kwa tairi yako, inaisukuma kwa paipu nene hadi kwa raki. Raki ndio ile chuma ndefu imelala chini, inavuta matairi kushoto na kulia. Ndani yake kuna mlango mdogo: ukikata kulia, oili inaenda upande mmoja, inasukuma, ukikata kushoto, inaenda ule mwingine. Ikimaliza kazi inarudi kwa kikopo na paipu nyembamba, mwendo wa pole. Ukiangalia hivyo utaona vitu vyenye vinaweza kufa ni vichache: belti, pampu, oili, paipu, raki. Na vyote vina sauti tofauti, kama wewe si kiziwi ama si mwenye haraka ya thao 40.

Mzee hakushika spana siku ya kwanza. Alichukua katoni ya unga, akaifungua, akaitandika chini ya pua ya gari, akasema turudi kesho. Anko aliona ni mchezo. Asubuhi katoni ilikuwa kavu. Tone moja tu, upande wa kulia, dogo kama punje ya dengu, na mzee akaliwekea duara na kalamu akasema, "Huyu tutamwongelea baadaye. Si yeye tunatafuta."

Alafu akapanguza kijiti cha oili ya injini, akakirudisha, akakichomoa tena. Vile fundi wa kwanza hakufanya. Oili ilikuwa pale pale kwa alama ya juu. Injini yenye ringi zimekufa inakunywa oili yake yenyewe, na moshi wake unapenda kuwa wa samawati. Hii ilikuwa imeshiba. Akaangalia maji ya redieta, safi, yamejaa, hayana povu wala rangi ya kahawa, kwa hivyo si gasketi ya juu. Kikopo cha steringi sasa, kilikuwa kimebaki na oili ya kulowesha kidole tu, imejaa mapovu kama mnazi umemiminwa sai hivi.

"Washa," akasema. Nikawasha. "Kata steringi mpaka mwisho, alafu achilia." Injini ikapanda kidogo, nyuma ikatoa pufff, wingu jeupe. Nikarudisha katikati, moshi ukapungua. Nikakata tena, pufff. Mzee akazima gari akacheka hadi akashika mwembe.

Hapa ndio utamu wa hii stori, na ni kitu imetengenezwa kwa Toyota mingi za miaka hiyo. Ukikata kona gari ikiwa imesimama, pampu inafanya kazi ngumu, na injini ikiwa inanguruma tu bila kukanyagwa inaweza kuzimika. Wajapani wakaona waisaidie. Kwa pampu wakaweka valvu ndogo, saizi ya kidole gumba, na tupaipu tuwili twembamba twa mpira. Presha ya oili ikipanda, valvu inafunguka, hewa kidogo inapita inaingia injini, injini inapata nguvu, haizimi. Akili safi kabisa. Shida ni kwamba ndani ya hiyo valvu kuna kasili kadogo kanakotenganisha oili na hewa. Miaka ikienda, kasili kanakufa. Na injini inanyonya, hiyo ndio tabia yake. Sasa badala ya kunyonya hewa peke yake, inanyonya oili ya steringi, inaichoma, inaitoa kwa ekzosi. Oili iko safarini kweli. Inaingia steringi, inatokea Moshi.

Mzee alichomoa kale kapaipu kanakoenda kwa injini, akakageuza kiganjani. Ikadondoka oili ya steringi. Anko alikaa chini kwa mzizi. Hakuongea. Nadhani alikuwa anarudisha mbuzi zizini mmoja mmoja.

Dawa ya muda ilikuwa bolti mbili ndogo. Tupaipu tukachomolewa kwa valvu, kila kamoja kakazibwa na bolti yake na klipu, ili injini isinyonye hewa ya bure, na mdomo wa valvu pia ukafungwa. Ambulansi iliendelea kutoa moshi kwa siku mbili hivi, ikichoma kile ilikuwa imeshameza, na hizo siku mbili nilitukanwa na kila msee anapanda boda. Alafu ukaisha. Kitu moja tu ilibaki: ukikata kona ukiwa umesimama, injini inatetemeka kidogo kama inataka kuzima. Unaigusa mafuta. Wengine huwa wanaachia hapo maisha yote. Anko alitaka aachie hapo, mimi nikakataa, nikazunguka kwa mafundi hadi nikapata pampu iliyokufa ya gari kama yetu na valvu yake bado nzima. Inafunguliwa na spana tu kama nati. Nilitoa thao 1 na soo 2, na hiyo soo 2 ilikuwa ya kunyamazisha jamaa.

Lakini steringi ilikuwa bado nzito. Hapo ndio nilijua kwamba mwizi alikuwa mmoja lakini alikuwa ameacha mlango wazi. Oili ilikuwa imeisha mara nyingi sana hadi pampu ikameza hewa, na hewa kwa pampu ni kama hewa kwa sindano ya daktari, haitakiwi kabisa. Ndio ule mlio wa mbu. Oili haiminyiki, hewa inaminyika; pampu inasukuma, hewa inajikunja tu kama godoro, nguvu haifiki kwa raki. Na belti nayo ilikuwa imelegea. Mzee aliweka kidole gumba katikati yake akaisukuma, ikazama karibu inchi nzima. Inatakiwa izame kama sentimita moja hivi, gari ikiwa imezimwa, na usiende kuijaribu inawaka juu vidole havina speya. Akailegeza pampu kwa bolti zake, akaivuta nyuma na kipande cha mbao, akakaza. Belti yenyewe haikuwa na nyufa, oili ilikuwa haijaifikia, kwa hivyo ikabaki.

Oili. Hapa naomba unisikilize vizuri juu nimeona wasee wakichoma mahali hapa. Kwa kifuniko cha kikopo chetu imeandikwa ATF, Dexron. Ile nyekundu. Kuna dereva wa mtaa alikuwa anatia oili ya breki juu "zote ni oili nyepesi". Oili ya breki inakula mpira wa sili za steringi, inazivimbisha zinakuwa laini kama matumbo, na ndani ya muda mfupi kila kona ya mfumo inavuja. Huyo sasa alikuwa na shida ya raki kweli, ya kununua. Mzee hana huruma na hiyo. Anasema gari haijui bei, inajua jina.

Ile yetu tuliimwaga yote. Ilikuwa nyeusi na inanuka kama sufuria imeungua. Tukachomoa paipu ya kurudi, tukaielekeza kwa mtungi, tukajaza mpya kwa kikopo, mimi nikazungusha steringi injini ikiwa imezimwa, ile chafu ikatoka mpaka ikaanza kuja nyekundu. Alafu kuitoa hewa. Hii kazi haitaki akili, inataka subira na kampuni, kwa hivyo mbogi nzima ilikuja. Jeki mbele, mawe nyuma ya matairi, na magogo mawili ya mgunga chini ya chesi, juu mzee haamini jeki ya mtu yeyote. Matairi ya mbele yakiwa hewani, injini imezimwa, unazungusha steringi kushoto hadi mwisho, kulia hadi mwisho, pole pole, mara 10, mara 15. Mwingine anaangalia kikopo. Mapovu yanapanda, oili inashuka, unaongeza. Yakiisha, unawasha, unarudia, pole. Ukifika mwisho wa kona usikae hapo. Hiyo ni tabia mbaya hata kwa barabara: ukikata steringi hadi mwisho ukaishikilia, pampu inasukuma ukuta, oili inachemka, sili zinaumia. Sekunde chache, achilia kidogo. Mimi nilikuwa nafanyanga hivyo kila siku sokoni nikipaki, nikiongea na watu kwa dirisha na steringi imeshikiliwa kama kamba ya ng'ombe.

Ilituchukua karibu saa nzima. Dogo mmoja alikuwa amepewa kazi ya kupiga kelele akiona povu, na aliifanya na moyo wote hadi akakosa sauti. Ule mlio ulikuwa unapungua, wiiii, wii, wi, alafu ukanyamaza. Tukashusha gari. Nikakata steringi na kidole kimoja. Kidole kimoja, manze! Nikatoka nje nikaacha kila mtu ajaribu, hadi shosh, ambaye hajawahi kukaa upande wa dereva maisha yake yote. Aliizungusha mara mbili akasema, "Kumbe ni kazi rahisi hivi na mnarudi nyumbani mmechoka."

Tangu hapo nashinda chini ya huo mwembe siku hazina soko. Nimejifunza kwamba nusu ya watu wanakuja na "steringi nzito" hawana shida ya steringi. Msee mmoja wa Nissan alikuja amenuna, ameambiwa anunue pampu. Mzee alipiga teke tairi ya mbele. Ilikuwa na upepo nusu. Ikajazwa, steringi ikawa laini, na jamaa akaondoka bila kusema asante juu ya aibu. Mwingine alikuwa na Hiace, paipu ya presha imepasuka pale chuma inaingia kwa mpira, na alikuwa ameifunga na blada ya baiskeli, kilo nzima ya blada, kama mguu umevunjika. Paipu ya kurudi unaweza kuifunga na klipu ikakaa, ina presha ndogo. Ile ya kwenda huwezi. Inatema oili kwa nguvu, na ikitemea ekzosi ya moto inaweza kuwaka. Hiyo ilibidi ipelekwe kwa wanaobana paipu upya, na dere alinung'unika hadi Mwatate.

Kuna hata demu mmoja ako na Vitz, alikuja anatafuta mahali pa kutia oili ya steringi, amezunguka boneti yote hajaipata. Haiko. Vitz nyingi zinatumia mota ya umeme, haina oili, haina belti ya pampu, haina kitu ya kumwaga. Ikiwa nzito unaanza na betri, tamino zake, fyuzi, na ile taa imewaka kwa dashibodi. Kwake ilikuwa tamino ya betri imelegea imeota ukungu mweupe. Alinunulia kila mtu soda. Mzee alikataa yake akasema anywe chai, na mimi nikanywa mbili.

Nikisema ukweli, kitu inaua steringi huku kwetu si uzee, ni murram. Lami ya kwenda Mwatate ni nzuri, hiyo sikatai, na wazee wanakumbuka vumbi ya kabla yake na bado wanakohoa. Lakini ndizi hazioti kando ya lami. Ziko ndani, kwa njia za mashimo na mifereji ya maji ya shamba, na mvua ikinyesha inakuwa uji. Raki iko na soksi mbili za mpira, kila upande moja, za kuzuia matope. Soksi ikiraruka, mchanga unaingia, unasugua chuma laini kama msasa, sili inakatika, oili inaanza kutoka upande huo. Soksi ni bei ya mlo wa watu wawili. Raki ni mbuzi kadhaa. Na bado unaona mtu amepaka ndai yake rangi mpya, ametia taa za buluu, subwufa inatikisa plati, na chini soksi imeraruka kama gauni la mwendawazimu.

Mimi pia siongei sana, juu ile tone ya dengu mzee aliweka duara ilikuwa inatoka hapo. Soksi ya kulia ya Ambulansi ilikuwa imepasuka siku nyingi. Tuliitoa tukakuta matope yamekauka ndani kama tofali, tukasafisha, tukavalisha mpya. Sili ya ndani lakini ilikuwa ishaanza kuchoka. Mzee alisema tuna njia mbili: kufungua raki sai na kubadilisha sili zote, ama kungoja na kuangalia. Steringi iko laini pande zote mbili, haivuti, hailii, inapoteza oili kidogo sana. Nilidhani atatusukuma tuifungue. Hakutusukuma. Alisema gari ya miaka hii ukianza kuifungua kila mahali inatoka jasho, utaiua kwa matibabu.

Tukaamua kungoja. Anko alinunua chupa ya ATF, inakaa chini ya kiti chake na hakuna mtu anaruhusiwa kuigusa. Katoni ya unga imekuwa sehemu ya gari. Kila jioni inatandikwa, kila asubuhi inachunguzwa, kabla anko hajasalimia mtu, kabla ya chai. Anachukua sarafu mfukoni anaiweka juu ya tone kupima. Mwezi uliopita ilikuwa kobole. Leo asubuhi nimemsikia akiita kutoka nje, na nilijua kwa sauti kabla nifike.

"Moshi! Kuja uone. Imefika ashu."